Wapokezi wa Habari za Kilosa

Ndugu msomaji, huenda umewahi kupanda basi la kwenda Iringa ukapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Kwa kiasi cha kilomita 50 dereva hupunguza mwendo, abiria hujaa madirishani kutazama tembo na twiga. Mimi nimepita njia ile mara nyingi, wala sikupata kumsikia hata mmoja akiuliza: kabla ya mwaka 1964, hifadhi hii ilipoanzishwa, nani alikuwa akiitumia ardhi hii, naye alikwenda wapi? Bwana nyama hana haja ya swali hilo. Ni la watu wa elimu ya historia na jamii, elimu ambayo wengi wetu huidharau tukisema haijengi daraja wala haitibu mgonjwa.

Basi tazama yaliyotokea upande wa kaskazini wa bonde hilo hilo. Tarehe 8 Desemba 2000 kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, kilishambuliwa na wafugaji wa Kiparakuyo, ambao ni jamaa za Wamasai. Wakulima 38 waliuawa na wengi wakajeruhiwa. Tulipoisikia habari ile, wengi wetu, na mimi nikiwamo, tulikata hukumu papo hapo: wafugaji ni watu wakali, na ugomvi wao na wakulima ni wa tangu asili. Tukazika maiti, na maswali tukayazika pamoja nao.

Wako waliouliza. Mwaka 2009 Tor Benjaminsen wa Norway, pamoja na Faustin Maganga wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Jumanne Abdallah wa Chuo Kikuu cha Sokoine, walitoa utafiti wao juu ya mauaji yale. Hawakumtakasa muuaji, lakini hawakuridhika na neno "ukali". Walieleza kwamba malisho ya wafugaji yamekuwa yakipungua, na kwamba siasa ya ardhi kwa miaka mingi imemtazama mfugaji anayehama kama mtu wa nyuma asiyestahili kupewa nafasi. Tena wakataja rushwa, kwamba iliondoa imani ya watu kwa wenye mamlaka. Hapa simama kidogo, msomaji. Mkulima ambaye shamba lake limelishwa ng'ombe, akaamini kwamba haki huenda kwa mwenye fedha, atakwenda kushitaki wapi? Na mfugaji aliyelipa leo, akatakiwa kulipa tena kesho, atamheshimu hakimu gani? Mimi nimesomesha ubaya wa rushwa kwa miaka mingi, lakini sikuwahi kuihesabu kwa maiti.

Jambo hili si geni kwetu. Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddima yake mwaka 1377, alikwisha kuonya kwamba habari haipokelewi kwa kuwa imesemwa tu. Lazima ipimwe kwa kujua jinsi watu wanavyoishi, na yeye mwenyewe alichunguza sana maisha ya wanaohamahama na ya wakaao mijini. Na maulamaa wa hadithi kabla yake walikwisha kuuliza: umeipokea kwa nani, naye kwa nani?

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, wakiongozwa na walimu wao John Iliffe na Gilbert Gwassa, walikwenda vijijini kuwauliza wazee habari za Maji Maji, vita vya 1905 hadi 1907, ambavyo Wavidunda na Wasagara wa Kilosa nao waliviingia. Mpaka hapo vita vile vilikuwa vikisomwa zaidi katika barua na vitabu vya Wajerumani. Mzee aliyekuwa na miaka 10 vita vilipoanza alikuwa na miaka 73 alipoulizwa. Wangalichelewa miaka 20 tu, wangaliuliza makaburi.

Lakini nina lawama yangu. Habari hizi hutolewa kwa wazee kwa Kiswahili, au kwa lugha za kwao, kisha huandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa mbali. Mmarekani Thomas Beidelman aliandika juu ya Wakaguru vitabu zaidi ya kimoja, na Mkaguru mkulima hawezi kuvisoma. Kupokea amana na kutoirudisha si jambo dogo.

Hapo Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine kina ndaki (ndivyo waitavyo siku hizi) ya sayansi za jamii, na Kilosa ni jirani yake. Kazi ipo tele. Kuna mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, na watoto wa manamba waliotoka mbali wasirudi kwao. Kuna reli, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma 1914 kwa kupitia Kilosa, na sasa treni ya umeme iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 kwa njia ya milima ile ile. Na kuna Rudewa yenyewe. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku ile ya Desemba, awe wa mkulima au wa mfugaji, leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Hajazeeka, wala hajasahau.