Picha Zilizorudi Bila Majina

Kwa toleo hili la kumbukumbu, sisi walimu tulipewa na kamati kazi ya kuandika historia ya kuja kwetu kando ya Ziwa Mweru. Tulipoanza kutafuta ushahidi tulikuta kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo imefungiwa ndani ya kompyuta moja kuukuu iliyokataa kuwaka. Basi hapana budi tuanze na habari za kompyuta hiyo.

Kuvuka mpaka huu hakukuanza na sisi. Vita vya Kongo vya mwaka 1998 vilileta watu wengi upande huu, ndipo kambi ya Mwange ikafunguliwa huko Mporokoso mwaka 1999, na kambi ya Kala huko Kawambwa mwaka 2000. Pweto ilipoanguka mwezi Desemba 2000, maelfu walivuka tena. Kuanzia mwaka 2007 watu walianza kurudishwa Katanga, na mwaka 2010 kambi zile zikafungwa. Halafu, mwezi Agosti 2017, mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika yakatutoa tena nyumbani. Tukapokelewa Kenani, na mwanzoni mwa mwaka 2018 tukaanza kuhamishiwa hapa Mantapala, wilaya ya Nchelenge. Miongoni mwetu wako wazee waliokimbia safari zote mbili, na ziwa walilolivuka ni lilelile.

Wazee hao wa safari ya kwanza wanazo picha. Ni za karatasi, zilizopigwa kwa kamera za filamu, zikafungwa katika mfuko wa sukari au kufichwa kati ya kurasa za Biblia. Nyingine zimeliwa pembeni na mchwa, lakini sura inaonekana, na nyuma pameandikwa kwa kalamu: jina, Kala, mwaka. Sisi wa safari ya pili tulikuwa na kamera ya dijitali, tukajiona tumeendelea! Picha ziliingizwa katika kompyuta ya kamati, zikapangwa vizuri kwa majina: siku ya kufika, siku ya kugawiwa viwanja, darasa la kwanza chini ya mti, mazishi. Hakuna aliyekuwa na fedha za kuzisafisha kwenye karatasi. Umeme wa sola ukawa unakatika mara kwa mara, kompyuta nayo ilikwisha kuzeeka kabla haijafika kwetu, na asubuhi moja ilitoa mlio tu, kioo kikabaki cheusi.

Wengi walisema picha zimekufa. Fundi aliyekuja kuitazama alitueleza jambo ambalo tunalirudia hapa kwa faida ya wote. Ndani ya kompyuta mna diski, na diski hiyo ni kama ghala lenye daftari mlangoni. Daftari linasema kitu fulani kinaitwa hivi na kimewekwa pale. Daftari likiharibika, mashine huona ghala ni tupu, ingawa magunia yote yamo ndani. Hata mtu akifuta picha kwa mkono wake, mara nyingi kinachofutwa ni ule mstari wa daftari. Picha yenyewe hukaa mpaka kitu kingine kiwekwe juu yake. Ndiyo sababu fundi alitukataza kuendelea kuiwasha kompyuta ile na kuandika chochote ndani yake. Aliichomoa diski, akaiunganisha na kompyuta nyingine, na vyote alivyovipata akavihifadhi kwenye diski tofauti.

Programu aliyotumia inaitwa PhotoRec. Iliandikwa na Mfaransa, Christophe Grenier, ambaye huitoa bure. Haisomi daftari hata kidogo. Inapita ghalani kutoka mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama, kwa kuwa kila picha ya kamera za kawaida huanza kwa alama zilezile. Kazi ile ilichukua saa nyingi. Picha zikaanza kutokea kwa mamia, baadhi zimekatika nusu, nyingine ndogo kama stempu ya barua kwa sababu ile kubwa ilikwisha haribika. Watu walipiga vigelegele.

Lakini majina hayakurudi. Majina yalikuwa katika lile daftari lililoharibika. Kila picha ilikuja na herufi moja na tarakimu ndefu, darasa limechanganyika na mazishi, Kenani na Mantapala, vyote katika rundo moja. Tarehe nazo hazikusaidia. Kamera hutia tarehe ndani ya kila picha, ila yetu kila betri yake ilipokwisha ilirudi kwenye siku ya kwanza iliyowekwa kiwandani. Kwa hiyo tulikuwa na watu waliokimbia mwaka 2017 wakionekana wamefika miaka mingi kabla ya vita.

Hapo ndipo kazi ya historia ilipoanza hasa. Tuliwaita wazee, akina mama na viongozi wa sehemu, tukakaa nao kila Jumamosi. Kumbe picha ina kalenda yake. Nyasi zimeungua na anga lina moshi: hiyo ni Agosti hadi Oktoba, kabla ya mvua. Maembe yameiva: Novemba au Desemba. Watu wamelala pamoja chini ya paa moja kubwa: Kenani. Kila nyumba ni turubai peke yake katikati ya miti iliyotoka kukatwa: miezi ya kwanza ya Mantapala. Ukuta wa matofali mabichi na kibustani cha mchicha: baadaye. Mama mmoja alipanga picha nane kwa kutazama kitenge chake tu, kwa kuwa alijua mwezi alipokiuza apate unga.

Njia hii si ngeni katika nchi hii. Majirani zetu wa Mwansabombwe wanacho kitabu cha Kibemba, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, kilichotolewa mwaka 1951 kwa jina la Mwata Kazembe wa 14, na chimbuko lake ni masimulizi ya wazee. Na huko Goma, baada ya Julai 1994, maelfu ya watoto wa Rwanda waliopotezana na wazazi walipigwa picha, zikabandikwa kwenye mbao kambini. Wengi walikuwa wadogo mno kujua majina yao. Mzazi alipita akitazama sura moja baada ya nyingine, na palipokuwa na bahati alisimama.

Hata nchi tajiri hazikusalimika. Mwaka 1986 Waingereza waliadhimisha miaka 900 ya kitabu chao cha Domesday kwa kuweka maandishi na picha za watu wao katika diski kubwa za kisasa. Watu zaidi ya milioni moja walichangia. Haikupita miaka 20, mashine za kusoma diski hizo zikawa adimu, ikabidi wataalamu wahangaike kuziokoa. Kitabu cha mwaka 1086, cha ngozi na wino, kilikuwa bado kinasomeka.

Katika rundo letu ilipatikana picha ya mtoto aliyefariki Kenani, amebebwa mgongoni, anacheka. Mama yake hakuwa na nyingine. Hakusema kitu, aliomba tu tusiifunge. Picha hiyo sasa ni ya karatasi, na nyuma tumeandika jina na mwezi. Hatukuichapa humu, kwa sababu ni yake. Vivyo hivyo hatutabandika sura za wale ambao bado wanaogopa kutambuliwa na waliowakimbia, hata kama picha ni nzuri.

Nyingine zote zimenakiliwa kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na daftari la karatasi limeandikwa kwa mkono: namba, majina, mahali, na nani aliyetuambia. Wazee wawili wakipingana tunaandika maneno ya wote wawili. Zimebaki picha ambazo hakuna aliyezitambua. Mojawapo ni ya mzee mwenye kofia ya sufu, ameketi juu ya mtungi, nyuma yake linaonekana ziwa na mtumbwi wenye chisense. Zitakuwa mezani katika ofisi ya kamati kila Jumamosi baada ya saa nane mchana, na mwalimu wa zamu atakuwapo na kalamu.