Uwiano wa Utegemezi: Nani Anamlisha Nani Kayole?

Kila baada ya sensa, Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya (KNBS) hutoa majedwali chungu nzima. Humo mna tarakimu moja ambayo wachumi huipenda na wanasiasa huinukuu, ingawa wananchi wengi hawajawahi kuelezwa maana yake. Kwa Kiingereza huitwa dependency ratio, na kwa Kiswahili imezoeleka kuwa uwiano wa utegemezi. Hutuambia, kwa kila watu mia walio katika umri wa kufanya kazi, kuna wangapi walio nje ya umri huo. Makala hii inaeleza jinsi inavyopatikana na inavyosomwa, na kwa nini istilahi yake inahitaji neno moja zaidi kabla ya kutumiwa kuzungumzia mtaa kama Kayole.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Watu hugawanywa katika mafungu matatu: watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 14, watu wa miaka 15 hadi 64, na wazee wa miaka 65 na zaidi. Fungu la kwanza na la tatu hujumlishwa, jumla hiyo ikagawanywa kwa fungu la pili, kisha jawabu likazidishwa kwa 100. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini Kenya. Katika kila 100, takriban 39 walikuwa watoto, 57 walikuwa wa umri wa kazi na 4 walikuwa wazee. Gawanya 43 kwa 57, zidisha kwa 100, unapata 75.

Hapo ndipo kosa la kwanza huzaliwa. Wapo wanaoandika kwamba asilimia 75 ya Wakenya ni wategemezi. Sivyo. Walio nje ya umri wa kazi ni 43 katika kila Wakenya 100. Hiyo 75 inawapima dhidi ya fungu la kati peke yake. Ndiyo maana tafsiri kama “asilimia ya wategemezi” au “kiwango cha utegemezi” hazifai: zinamfanya msomaji adhani anatazama sehemu ya watu wote. Neno uwiano, kwa maana yake ya hisabati, yaani kiasi kimoja kikipimwa kwa kingine, ndilo linalobeba wazo barabara. Tatizo ni kwamba Mkenya hulisikia neno hilo zaidi katika jina la Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano, iliyoundwa kwa sheria ya 2008 baada ya ghasia za uchaguzi. Huko uwiano ni watu kupatana. Mwandishi anayetumia istilahi hii Kenya hana budi kufafanua kwamba anazungumzia hesabu.

Kosa la pili ni kuitaja jumla bila kuonyesha sehemu zake. Nchini Japani, katika kila watu 100, takriban 12 ni watoto, 59 ni wa umri wa kazi na 29 ni wazee. Uwiano wao ni kama 69, haupishani sana na 75 yetu. Anayesoma jumla pekee atasema nchi hizi mbili zina shida moja. Lakini tenganisha: utegemezi wa watoto Kenya ni kama 68 na wa wazee ni 7, Japani wa watoto ni kama 20 na wa wazee ni 49. Huku kunatakiwa madarasa, kule kunatakiwa wauguzi wa wazee. Kwa hiyo istilahi hii ina watoto wawili wanaopaswa kutajwa kila mara pamoja nayo: uwiano wa utegemezi wa watoto na uwiano wa utegemezi wa wazee.

Kwa Kenya sehemu hizo mbili zinakwenda njia tofauti. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto 8 maishani mwake. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa 2022 ulipata wastani wa 3.4, na kwa Nairobi 2.5. Fungu la watoto linapungua nguvu. Wakati huohuo Wakenya wa miaka 60 na zaidi walikuwa kama milioni 1.9 mwaka 2009, wakafika kama milioni 2.7 mwaka 2019. Kwa sasa kupungua kwa watoto kunashinda ongezeko la wazee, hivyo jumla inashuka, na wachumi huona kushuka huko kuwa fursa: mikono mingi ya kazi, vinywa vichache vya kulisha. Fursa hiyo ina masharti. Mikono lazima ipate kazi.

Sasa tushuke Kayole. Mtaa huu wa mashariki mwa Nairobi, jirani na Komarock na Umoja, ulikua hasa kuanzia miaka ya 1980 kwa mpango wa viwanja na huduma, njia iliyokuwa imejaribiwa Dandora kuanzia 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mtu alipewa ploti iliyopimwa, yenye maji na mfereji wa majitaka, akaachiwa ajenge kadiri ya uwezo wake. Waliobahatika walianza na vyumba viwili vitatu vya chini. Jiji lilipozidi kujaa, likitoka watu 827,775 mwaka 1979 hadi 4,397,073 mwaka 2019, ploti zikapanda juu badala ya kupanuka. Leo sehemu kubwa ya Kayole ni majengo ya ghorofa yaliyosongamana, yenye vyumba vya kupangisha, ngazi nyembamba na nguo zilizoanikwa kila roshani, bila lifti.

Ukitaka kuliona fungu la pili kwa macho, simama katika steji ya Masimba saa kumi na mbili asubuhi. Kuna vijana wanaoelekea Industrial Area, wengine matatu, wengine miguu ili wabakize nauli. Kuna mafundi wa mjengo na vifaa vyao mgongoni, wauza mitumba wanaowahi soko la Gikomba kabla mabelo hayajafunguliwa, na wanabodaboda wakigombania abiria. Mzee wa miaka sabini utamwona mmojammoja, na aghalabu anakwenda hospitali. Hali ni hiyo Nairobi nzima: kaya ya wastani ilikuwa na watu 2.9 mwaka 2019, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 3.9. Watoto na wazee ni wachache kuliko katika kaunti nyingi, basi uwiano wa utegemezi unakuwa chini, na jiji linaonekana kana kwamba halina mzigo.

Ni hapo neno utegemezi linapoanza kutudanganya. Tuchukue mfano wa kubuni, ambao mkazi wa Kayole hatauona mgeni. Ghorofa ya tatu anaishi mama wa miaka 34 anayeuza mitumba, pamoja na wanawe wawili, wa miaka 9 na 5. Anakaa pia na binti ya dada yake, wa miaka 17, aliye shule ya sekondari, na kaka yake wa miaka 23 anayepata kibarua cha mjengo siku mbili kwa wiki. Chini kabisa, karibu na lango, anaishi mwenye ploti, mjane wa miaka 71, anayepokea kodi ya vyumba 24 kila tarehe tano.

Kwa kanuni ya sensa, watoto ni wawili, mzee ni mmoja, walio katika umri wa kazi ni watatu. Uwiano ni 100: kila mtegemewa ana mtegemezi wake. Lakini angalia nani kawekwa wapi. Mwanafunzi wa miaka 17 anayelipiwa karo kahesabiwa miongoni mwa wanaotegemewa, na kijana asiye na kazi ya uhakika vilevile. Mjane ambaye jengo zima linamlipa kahesabiwa kuwa mtegemezi. Ukihesabu kwa kuangalia nani analipia unga, wanaobeba nyumba hizo ni mama wa mitumba na mjane wa chini, basi.

Na hesabu bado haijaisha. Mama huyo ana mtoto wa kwanza, wa miaka 13, anayelelewa na nyanya yake Kitui. Kila mwezi humtumia nyanya huyo pesa za chakula na za dawa ya presha. Nyanya na mjukuu wanahesabiwa Kitui, wanapandisha uwiano wa Kitui, ilhali anayewalisha amelala Kayole, anashusha uwiano wa Nairobi. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, matangazo yake yaliwahimiza watu watume pesa nyumbani, na walioyabuni walijua soko lao. Mkazi wa Kayole ana wategemezi. Ila hawalali kwake.

Mpango huu wa kufanya kazi mjini na kulea mashambani una mizizi mirefu. Serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika aje Nairobi akiwa kibarua, alale kitandani kwa zamu ikibidi, na nguvu zikimwishia arudi kwao. Malezi ya watoto na matunzo ya wazee yaliachiwa mashambani, pasipo mwajiri kugharimika hata senti. Uhuru ulifungua milango ya familia, lakini desturi ya kustaafu ni kurudi ushago ilibaki. Uwiano mdogo wa Nairobi ni tunda la historia hiyo, wala si dalili ya utajiri.

Desturi hiyo nayo imeanza kulegea. Wenye ploti wa mwanzo wa Kayole wamezeeka, na si wote wanaoondoka. Mashamba ya wazazi yamegawanywa hadi hayagawanyiki tena. Kanisa, chama na kliniki viko mjini. Na kodi ya nyumba hukusanywa vizuri zaidi na mtu aliye karibu. Matokeo yake ni mtaa wenye tabaka mbili za umri: wapangaji wanaokuja na kuondoka, wakiwa vijana siku zote, na wenyeji wanaobaki na kuzeeka. Japani wanaujua upande mmoja wa jambo hili. Tama New Town, magharibi mwa Tokyo, ilipokea wakazi wake wa kwanza 1971. Waliingia vijana pamoja, wakazeeka pamoja, na majengo ya ghorofa tano yasiyo na lifti yakawa kifungo kwa wasioweza kupanda ngazi. Kayole haitafika huko kwa kasi hiyo, kwa sababu wapangaji vijana huwafunika wenyeji wazee katika kila wastani. Hatari yake ni hiyo: wazee wapo, lakini takwimu ya mtaa inawameza.

Hata mstari wa uzee wenyewe haujatulia. Katiba ya 2010, kifungu cha 260, humwita mzee mtu aliyezidi miaka 60. Kanuni ya uwiano husubiri 65. Mpango wa Inua Jamii, uliopanuliwa 2018 ili kumfikia kila mzee, huanza na miaka 70, na hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mtu wa miaka 62 basi ni mzee kwa katiba, ni mtegemewa kwa takwimu, na ni mdogo mno kwa ruzuku. Anayeandika habari za kuzeeka kwa jiji na asitaje mstari anaoutumia anamwachia msomaji abahatishe.

Tukirudi kwenye lugha, mzizi tegemea una uzito ambao neno la Kiingereza haliubebi sawasawa. Sote tumelelewa na methali isemayo mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ndani yake mna lawama: mtegemezi ni mtu aliyekataa kujitafutia. Takwimu ikisema Kenya ina wategemezi 75 kwa kila watu 100 wa umri wa kazi, sikio la Kiswahili husikia shutuma dhidi ya watoto na vikongwe. Ndiyo sababu “mzigo wa utegemezi”, ambayo wengine huitumia, ni tafsiri mbaya zaidi ya zote. Inatoa hukumu kabla ya kuhesabu.

Pendekezo langu ni istilahi ndefu kidogo: uwiano wa utegemezi wa kiumri. Neno kiumri linakiri wazi kwamba kilichopimwa ni miaka ya watu, na kwamba mifuko yao haikuguswa. Linaacha nafasi ya kipimo kingine, uwiano wa utegemezi wa kiuchumi, kinacholinganisha wasio na kipato na wenye kipato, ambacho ndicho kingemweka mjane wa Kayole mahali pake na kijana wa mjengo mahali pake. Magazeti, walimu na maafisa wa kaunti wakizoea kutofautisha hivyo viwili, mjadala wa ajira na wa matunzo ya wazee utakuwa na msingi. Na kila mara tarakimu ya mtaa inapotolewa, tuulize pia wategemezi wake wanalala kaunti gani.

Kenya huhesabu watu kila baada ya miaka kumi, na zamu inayofuata ni 2029. Mtu aliyepata ploti Kayole mwaka 1985 akiwa na miaka 30 atahesabiwa akiwa na miaka 74.