Mabanzi, Mabati na Wapangaji wa Darini

Kipupwe kikifika Elburgon hakibishi hodi. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu wa msitu wa Mau huteremka mpaka kwenye barabara iendayo Molo, jua huchelewa kutoka, na watoto huenda shule wamevuta kofia za sufi hadi masikioni. Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10. Ndio msimu ambao watu wakilala husikia mambo juu ya silingi: mikwaruzo, mpapatiko wa mabawa, kifaranga anayelilia chakula kabla ya alfajiri. Wengi husema ndege wamekimbia baridi. Kuna ukweli humo, lakini ndege wa Mau waliistahimili baridi hiyo kwa maelfu ya miaka bila kuazima dari ya mtu. Kilichobadilika ni paa, na paa la Elburgon lilibadilishwa na reli na msumeno.

Zamani ndege aliyetaka tundu alilipata mtini. Mitarakwa na mipodo ya Mau ilikuwa mizee, na mti mzee huoza moyo. Tawi likivunjwa na upepo, huacha shimo. Waogiek, wenyeji wa msitu huo, waliyajua mashimo hayo vizuri kwa sababu nyuki nao waliyapenda. Mzinga wao wa gogo la mtarakwa ni shimo la mti lililochongwa kwa mkono na kupandishwa matawini. Vibanda vyao vilikuwa vifupi, vya fito na nyasi. Nyumba za Wagikuyu waliokuja baadaye kutafuta kazi msituni na katika mashamba ya walowezi zilikuwa pia za nyasi, moto ukiwaka katikati. Paa la namna hiyo halina dari. Moshi hupenya nyasi usiku kucha, hufukuza wadudu na kukausha fito, na ndege anayejaribu kulala humo atakohoa kabla ya mwenye nyumba.

Frederick Jackson, afisa wa utawala wa Kiingereza aliyekaa Eldama Ravine na baadaye kuwa gavana wa Uganda, aliwakusanya ndege wa nyanda hizi kwa bunduki na daftari. Kitabu chake kikubwa kuhusu ndege wa Kenya na Uganda kilitoka mwaka 1938, miaka tisa baada ya kifo chake. Baadhi ya spishi alizozijua kwenye majabali na mashina ya miti sasa zina makao juu ya vitanda vya watu.

Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900, ikapanda Mau kupitia Njoro, Elburgon na Molo, ikavuka kilele chake kwenye urefu wa zaidi ya mita 2,500, na Desemba 1901 ikafika Port Florence, yaani Kisumu ya leo. Injini za mwanzo zilikula kuni, na kuni zilikuwa pale pale kando ya njia. Idara ya Misitu ilianzishwa mwaka 1902. Kuanzia mwaka 1910 ilitumia mfumo wa shamba: kibarua alipewa kipande cha msitu uliofyekwa, akalima mahindi na viazi huku akitunza miche ya serikali, na miche ikishakua alihamishiwa kipande kingine. Mitarakwa ilipasuliwa kuwa nguzo, mbao na vijiti vya kutengenezea penseli zilizouzwa ng'ambo. Mahali pake ilipandwa misonobari na miti ya saipresi kutoka Meksiko, ambayo hukatwa ikiwa na miaka thelathini hivi. Mti wa umri huo bado ni kijana. Hauna tundu.

Hapo ndipo makao yalipohama. Mti wenye shimo ulipelekwa kiwandani, ukatoka ukiwa mbao, na mbao zikawa nyumba. Ndege akaufuata mti wake hadi mjini.

Nyumba yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Gogo likipitishwa msumenoni, vipande vya kwanza vya ubavuni hutoka vikiwa na gome upande mmoja na uso ulionyooka upande wa pili. Hayo ndiyo mabanzi. Hayafai kuuzwa kama mbao kamili, basi yalienda kwa bei ya chini kwa vibarua wa viwanda na wauza duka wadogo, nao wakajenga. Banzi moja hupigiliwa juu ya ukingo wa jirani yake, nyufa huzibwa kwa udongo au makaratasi, na ndani hubandikwa magazeti au maboksi kuzuia upepo. Mara nyingi mbao huwa mbichi. Miezi michache ya jua la Januari hutosha kuzipinda, na pale ubao ulipokutana na paa hufunguka mwanya wa vidole viwili. Fundi ameshalipwa na kuondoka. Shomoro anakagua.

Paa nalo lilipitia hatua zake. Walowezi wa Njoro na Molo waliezeka kwa vigae vya mtarakwa, mti usioliwa na mchwa wala kuoza upesi, wakaweka silingi ya mbao na bomba la moshi la mawe. Kati ya silingi na vigae palibaki chumba kizima chenye giza, kikavu na kisicho na mtu. Maskini waliezeka kwa nyasi, kisha kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Bati la mawimbi, lililosajiliwa London na Henry Palmer mwaka 1829, lilikuja na reli yenyewe, likifunika stesheni na maghala. Kwa mwananchi wa kawaida lilichukua muda zaidi. Kiwanda cha Mabati Rolling Mills kilianza mwaka 1962, na katika muongo huo wanawake wa Mkoa wa Kati waliunda vikundi vya kuchanga fedha ili kila mwanachama kwa zamu aezekewe nyumba yake. Vikundi hivyo viliitwa vya mabati, na ni vigumu kutaja mpango wa serikali uliobadilisha paa la mkulima kwa kasi kama walivyofanya akina mama hao. Nyasi zilipoondoka, jiko likajengwa kando na moshi ukaondoka sebuleni. Dari ikawa mahali pa kuishi.

Wa kwanza kunufaika ni shomoro. Kenya ina shomoro wake wa asili, mwenye kichwa cha kijivu na yule mwekundu wa nyanda za juu, ambao walishazoea kukaa karibu na boma. Kisha kuna mgeni, shomoro wa nyumbani mwenye asili ya Bara Hindi, aliyefika Mombasa na Zanzibar kwa njia ya bahari. Kwa miongo mingi alibaki pwani, lakini mwishoni mwa karne ya 20 akapanda bara akiufuata ukanda wa reli na barabara hadi Nairobi na Nakuru. Yeye hahitaji msitu. Anahitaji punje zilizomwagika na tundu ukutani, na miji ya nafaka inavyo vyote viwili.

Kwa nafaka, eneo hili halikuwa na shida. Mlowezi Lord Delamere alijaribu ngano Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, akaanzisha kampuni ya Unga mwaka 1908. Mabehewa, maghala na viwanja vya kuanikia mahindi vikamlisha njiwa madoa, yule mwenye ngozi nyekundu kuzunguka jicho na mabawa yaliyonyunyiziwa nukta nyeupe. Kwa asili ni ndege wa majabali. Boriti pana chini ya paa la kiwanda cha mbao, kwake yeye, ni jabali lililoezekwa. Hukusanya vijiti vichache, hutaga mayai mawili, na karibu mwezi wowote wa mwaka anaweza kuwa na makinda.

Mbayuwayu mwenye kiuno chekundu hufanya kazi ngumu zaidi. Hubeba tope mdomoni, tonge baada ya tonge, mamia kwa mamia, na kujenga chungu kilicholala chenye shingo ndefu ya kuingilia. Tope halishiki vizuri kwenye bati lililopakwa rangi. Linashika kwenye ubao uliotoka msumenoni bila kupigwa randa, wenye nyuzinyuzi bado, na Elburgon imejaa ubao wa namna hiyo. Chungu kikikauka huenda akaja teleka mwenye kiuno cheupe, akamfukuza mjenzi na kuhamia. Nyumba iliyoporwa hutambulika kwa manyoya yanayochungulia mlangoni. Teleka mdogo hujenga mwenyewe, kwa nyasi na manyoya aliyoyadaka hewani na kuyagandisha kwa mate, kundi zima chini ya ukingo mmoja. Tena hatumii kiota kwa mayai tu. Hulala humo mwaka mzima, na ndiyo maana usiku wa Julai, msimu ambao ndege wengi hawatagi, bado kuna ugomvi wa nafasi juu ya mlango.

Je, humo ndani kuna joto? Si kama watu wanavyodhani. Usiku wa mbingu safi bati hupoa kuliko hewa inayolizunguka. Mvuke wa pumzi za waliolala hugeuka matone chini yake na kudondoka kama mvua ndogo. Paa la jikoni ndilo lenye thamani. Wadudu hawakai hapo kwa sababu ya moshi, lakini shomoro hukubali masizi kidogo ili apate ubao uliohifadhi joto la ugali wa jioni. Kuzumburu, ndege wa mkia mrefu anayeharibu matunda bustanini, hana haja na yote hayo: hujining'iniza na wenzake kifua kwa kifua katika kichaka, na akizidiwa huacha mwili upoe hadi asubuhi jua limwashe tena. Naye mbayuwayu wa Ulaya, anayekuja kati ya Oktoba na Aprili kukimbia majira ya baridi ya huko, kwao hujenga ndani ya mazizi ya watu, ila akiwa huku hulala kwenye matete na wenzake wengi. Paa la Elburgon hana habari nalo.

Wapangaji hawa wana gharama. Kinyesi cha njiwa hula bati, huziba gata na kuingia kwenye tangi la maji ya mvua; vumbi lake kavu huumiza mapafu ya anayefagia dari. Utitiri wa kiota hushuka kitandani makinda wakiisha kuruka. Viota vikavu karibu na bomba la moshi ni kiberiti, na nyumba ya mabanzi haihitaji kusaidiwa kuungua. Moto, wa ajali na wa ghasia, umeteketeza nyumba nyingi katika eneo la Molo, hasa katika machafuko ya 1992 na ya 2007 hadi 2008. Baada ya kila moto wenye uwezo walijenga upya kwa mawe.

Halafu mbao zenyewe zikaadimika. Mwaka 1999 serikali ilipiga marufuku ukataji katika misitu yake, viwanda vichache vikubwa vikiachwa nje ya katazo, Timsales ya Elburgon kikiwa kimojawapo. Marufuku nyingine ilikuja Februari 2018, na Rais William Ruto akatangaza kuiondoa akiwa Molo Julai 2023. Katikati ya miaka hiyo bei ya mbao ilipanda, na anayejenga leo hupenda bati la rangi lenye mikunjo mipana, silingi ya plastiki na ubao wa ukingo uliofungwa kabisa. Paa hilo halimwachii shomoro hata mlango.

Anayepoteza zaidi ni bundi wa uso mweupe, ambaye Kiswahili humwita babewatoto. Hajengi chochote. Hutaga juu ya ubao mtupu uliofunikwa na mifupa na manyoya ya panya aliyoyatapika, na mayai huanguliwa kwa siku tofauti, hivyo kinda mkubwa hula kwanza na mdogo hungoja bahati yake. Dari pana za walowezi zilimfaa sana. Lakini mlio wake juu ya paa huchukuliwa na wengi kuwa taarifa ya msiba, na jibu limekuwa mawe na vijinga vya moto. Mtafiti Darcy Ogada, aliyechunguza bundi katika mashamba ya Kenya ya kati, alitazama imani hizo pamoja na dawa za mashambani kama tishio kwao. Mwenye ghala la mahindi anayemfukuza bundi Jumatatu hununua sumu ya panya Jumanne, na panya aliyekula sumu akitambaa nje kwa ulegevu, huwa ndiye rahisi zaidi kukamatwa na bundi wa jirani.