"Wantu wazuri" na dawa ya nywele

Kuna tangazo la miaka ya mwanzo ya 1970, la mafuta ya nywele ya Afro Sheen kutoka Chicago, ambalo kila nikilikumbuka nacheka, kisha nanyamaza. Wamarekani weusi wenye afro zao wanaambiwa kwamba "wantu wazuri" hutumia Afro Sheen. Ndiyo, wantu. Wamekosea kidogo, lakini ni Kiswahili chetu hiki hiki, kinauzia mafuta watu ambao wengi wao hawakuwahi kukutana na Mswahili hata mmoja.

Sasa jiulize: kampuni ile, Johnson Products, ilijijenga kwa kuuza nini kabla ya hapo? Dawa ya kunyoosha nywele.

Turudi nyuma kidogo. Anayetajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi ni Garrett Morgan, fundi wa cherehani wa Cleveland. Inasimuliwa kwamba alikuwa anatafuta majimaji ya kuzuia sindano isiunguze kitambaa, akaona nyuzi zimenyooka, akajaribu kwa mbwa wa jirani, halafu kwa nywele zake mwenyewe. (Habari ya mbwa naiacha kwa wasimuliaji.) Kufikia 1913 alikuwa na kampuni, na jina lake lilizungumzia "kusafisha" nywele, kwa neno lile lile wanalolitumia kwa sukari na mafuta ghafi.

Baadaye wanaume wa mijini wakawa wanajipikia wenyewe: kostiki soda, viazi na mayai. Kostiki soda ni ile ile ya kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba. Malcolm X alisimulia katika kitabu cha maisha yake jinsi alivyowekewa mara ya kwanza huko Boston, akaja kuliona jambo hilo kuwa ni kujidhalilisha. Namwelewa. Lakini wanamuziki, mabondia na wahudumu wa hoteli waliopaka vile hawakuwa wote wanajichukia. Wengine walitaka kupendeza Jumamosi usiku, basi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 George Johnson, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya vipodozi, alikutana na kinyozi aliyelalamika kwamba dawa hizo zinaunguza wateja. Akatengeneza iliyo bora zaidi. Alipoomba mkopo kwa ajili ya biashara alikataliwa. Alipokwenda tawi jingine akasema anataka kumpeleka mkewe likizo, akapewa dola 250. Mwaka 1971 kampuni yake ikawa ya kwanza ya watu weusi kuingia katika soko la hisa la American Stock Exchange. Afro iliposhika, Johnson hakugombana nayo. Aliuza Ultra Sheen kwa wanaonyoosha na Afro Sheen kwa wasionyoosha, na hawa wa pili akawasemesha Kiswahili.

Huku nyumbani mambo yalikwenda kinyume. Dar es Salaam, kuanzia Januari 1969, Operesheni Vijana ya TANU Youth League ilipiga marufuku mawigi, minisketi na krimu za kujichubua, kwa jina la utamaduni wa taifa. Haikuchukua miaka mingi kabla ya saluni zetu kujaa rilaksa, na miaka ya 1980 ikaja kalikiti, zile nywele zinazochuruzika mafuta hadi kwenye kola. Yaani Chicago ilichukua kwetu neno la kusifia nywele za kipilipili, na sisi tukachukua kwake namna ya kuziondoa.

Na tukaiita dawa. Tunasema "nimeweka dawa", "dawa imeshika". Najua, Kiswahili kina dawa ya meno na dawa ya viatu, na viatu haviugui. Lakini kwenye nywele neno halikuja peke yake, lilikuja na "nywele ngumu" na "nywele nzuri", yaani za singa. Mama yangu alinipaka Vaseline kuzunguka masikio, jikoni kwetu London, akaniambia, "Ikianza kuchoma niambie." Ilianza kuchoma. "Vumilia kidogo, mwanangu, bado haijashika." Sikumlaumu wala simlaumu sasa. Alikuwa anakwenda kazini mahali ambapo nywele zake zilizungumziwa kabla hajafungua mdomo.

Ila ile "kidogo" ina kemia yake. Dawa huvunja vifungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo lake, na haivirudishi. Ndiyo maana nywele mpya zikichomoza unapaka tena, kila wiki sita au nane, miaka na miaka. Mwaka 2022 watafiti wa serikali ya Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Makadirio yao: kufikia umri wa miaka 70, saratani ya mji wa mimba ingewapata asilimia 1.64 ya ambao hawakutumia dawa hizi, na asilimia 4.05 ya waliotumia mara kwa mara. Uhusiano si uthibitisho wa sababu, na wao wenyewe walisema hivyo. Lakini kesi zilifunguliwa kwa wingi, na mwaka 2023 zikakusanywa mbele ya jaji mmoja wa mahakama ya shirikisho. Mahakama hiyo iko Chicago.