Kuhesabu Siku za Ziwani

Juni ikikaribia kwisha, wazazi wa Butembo na Beni hurudia hesabu ile ile. Shule zitafungwa mwanzoni mwa Julai, vakansi kubwa itakwenda hadi Septemba, na watoto watakuwa uani kutwa nzima wakigombania mpira wa matambara. Mama yangu mdogo ana daftari la jalada la bluu. Ukurasa wa Juni huujaza kwa mwandiko wake wa kimwalimu: unga, sabuni, chumvi, nauli ya pikipiki, na chini kabisa, "Ziwani, siku 3". Vitu vingine vyote ameviwekea bei. Hicho cha mwisho hakina bei.

Ziwa lenyewe si mbali. Butembo iko juu ya mita 1,700, kwenye baridi ya viazi na ngano. Ziwa Edouard liko bondeni, kwenye mita 900 na ushei, eneo lake zaidi ya kilomita za mraba 2,300, sehemu kubwa ikiwa upande wetu wa Kongo na iliyobaki Uganda. Kutoka baridi hadi joto ni mteremko mmoja. Ndiyo maana inaniuma kwamba kizazi kizima cha vijana wetu kinalijua ziwa hili kwa samaki tu, yule wa kukaushwa anayefika sokoni amekunjwa mkia ndani ya kikapu.

Watu walianza kupanga safari za kuja hapa zamani mno. Huko Katanda, kando ya mto Semliki, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua vyusa vya mfupa vyenye meno, ambavyo wamevikadiria kuwa na umri wa miaka 90,000 hivi. Pamoja navyo ilitoka mifupa ya kambare wakubwa. Kambare wa namna hiyo huingia maji mafupi kutaga mayai mvua zinapoanza, na hapo hukamatika kwa urahisi. Kwa hiyo watu wale walikuwa wakija kwa msimu. Walijua lini.

Mwaka 1950, kilomita chache juu ya Katanda, pale Ishango ambako Semliki unatoka ziwani kuelekea Ziwa Albert na hatimaye Nile, Mbelgiji Jean de Heinzelin aliokota mfupa wa urefu wa sentimita 10 hivi, umechomekwa kipande cha jiwe la kwazi kwenye ncha. Umri wake ni kama miaka 20,000. Umekatwa mikato midogo katika safu tatu. Safu moja ina mikato 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 9, 19, 21 na 11. Jumlisha kila moja upate 60. Ya tatu inafika 48. De Heinzelin aliona humo mchezo wa hesabu. Mmarekani Alexander Marshack aliuchunguza kwa hadubini akasema ni kalenda ya mwezi, miezi sita ya kuandama kwake. Wataalamu bado wanabishana. Mimi niko upande wa Marshack, na sababu yangu si ya kitaalamu: mtu anayeishi kwa kumvizia kambare wa msimu lazima ahesabu siku. Waitalia hujivunia Ziwa Como, ambako Mrumi Pliny Mdogo alikuwa na majumba yake ya mapumziko karne ya kwanza. Sisi tuna huu mfupa. Uko Brussels, katika jumba la makumbusho ya sayansi asilia.

Zama za karibu zaidi, babu zetu Wanande na ndugu zao Wakonjo walishuka bondeni kufuata chumvi ya Katwe, ng'ambo ya Uganda, wakapanda nayo milimani mgongoni. Majirani wa huko waliliita ziwa Rwitanzige, yaani muua nzige, jina ambalo msemaji wa Kiswahili analielewa nusu bila kufundishwa. Mwaka 1889 Stanley akapita, akalipa jina la mwana wa Malkia Victoria, mtu ambaye hakuwahi kuliona. Mwaka 1910 wakoloni wakakubaliana mpaka, na mstari ukapita katikati ya maji.

Kisha ikaja hifadhi. Tarehe 21 Aprili 1925 Wabelgiji walitangaza Hifadhi ya Albert, ya kwanza ya taifa barani Afrika, na baadaye wakaipanua hadi ikazunguka sehemu yetu yote ya ziwa. Wenyeji wa pwani waliondolewa, mara kwa sababu ya ugonjwa wa malale, mara kwa sababu ya wanyama. Walioruhusiwa kurudi walirudi kama wavuvi, katika vijiji vilivyohesabiwa: Vitshumbi, Kyavinyonge, Nyakakoma. Mzungu wa Kivu alikuwa na kambi ya Rwindi na vitabu vya kumwongoza msafiri. Mkongo hakuweza hata kutoka eneo lake zaidi ya mwezi mmoja bila kibali cha maandishi. Ufukweni alifika akiwa mpishi au mpagazi. Hapo ndipo wazo la kupumzika ziwani lilipotenganishwa na watu wa ziwa, na uhuru wa 1960 haukulirudisha mara moja.

Mobutu aliibadili hifadhi jina kuwa Virunga mwaka 1969. Ziwa nalo likaitwa Idi Amin Dada mwaka 1973, hadi Amin alipopinduliwa. Wazee wanaoikumbuka miaka hiyo husimulia kwanza viboko. Walikuwa karibu 30,000 katika hifadhi. Kiboko hula majani usiku nchi kavu, asubuhi hurudi majini na kunya humo, na mbolea hiyo hulisha vijimea ambavyo tilapia hula. Vita vya miaka ya 1990 viliwamaliza kwa risasi: katikati ya miaka ya 2000 walikuwa hawafiki 1,000. Wavuvi waliona nyavu zikipanda nyepesi. Hasara ya kiboko iliingia moja kwa moja kwenye sufuria ya Butembo.

Mengine tunayajua kwa miili yetu. Mauaji ya Beni tangu Oktoba 2014. Ebola iliyotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ikaua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kwisha Juni 2020. Utawala wa dharura wa kijeshi tangu Mei 2021. Juni 2024 waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga, na njia ya kale ya kushuka Kabasha kwenda Rwindi ikafungika kwa familia yenye watoto.

Hata hivyo Kyavinyonge ipo. Jioni viboko waliobaki huingia vichochoroni kama ng'ombe wanaojua zizi lao, na mama anayepara samaki huwapisha bila kuinuka, anavuta beseni tu. Korongo warefu wenye vipara husimama wakingoja matumbo ya samaki. Maji yanapiga mitumbwi taratibu. Niliyaona haya nikiwa na miaka tisa, mara moja tu, na mpaka leo nikifumba macho nasikia ile sauti ya kiboko, kama mzee anayecheka akiwa amelala.

Mwaka huu nilimuuliza mama mdogo kwa nini anaendelea kuuandika mstari ule. Alikuwa akichambua maharage. Akaniambia nilete mkaa. Mjukuu wake alikuwa ameanza kuchora vijistari ukutani nyuma ya jiko, kimoja kila siku tangu shule ilipofungwa, na mkaa wake ulikuwa umekatika.