Misuli Yetu Ilisomwa, Sisi Je?

Kila Mkenya akishinda marathoni, mtandaoni ni yaleyale: ni ugali, ni mursik, ni milima ya Iten. Sawa. Lakini kuna watu walikuja kuchungulia ndani ya msuli wenyewe, na hiyo stori wengi wetu hatujawahi kusimuliwa.

Anza na sindano. Mwaka 1962 daktari wa Sweden, Jonas Bergström, alionyesha kwamba sindano nene inaweza kutoa kipande kidogo cha msuli wa paja bila kumpeleka mtu thieta. Mwaka 1966 yeye na mwenzake Eric Hultman wakajifanyia majaribio wenyewe. Waligawana baiskeli moja, kila mtu akikanyaga kwa mguu mmoja tu hadi uishe nguvu, halafu wakala wanga siku tatu. Mguu uliochoka ukajaza glikojeni, yaani sukari ya akiba, karibu mara mbili ya mguu uliopumzika. Mtu mmoja, damu moja, chakula kimoja! Kumbe msuli uliofanya kazi ndio unaojifungulia mlango. Wakimbiaji kujaza wanga kabla ya mbio kulitoka huko.

Mwaka huohuo wa 1966, Msweden Bengt Saltin alikuwa Dallas na wenzake, wakiwalaza kitandani vijana watano wa miaka 20 kwa wiki tatu. Miaka 30 baadaye walewale wakapimwa tena. Zile wiki tatu zilikuwa zimeshusha uwezo wao wa kutumia oksijeni kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Wewe unayeshinda kitandani na simu, rudia hiyo sentensi.

Saltin huyo ndiye aliyekuja Kenya 1990, akapima wakimbiaji wetu na wa Skandinavia, sindano ikiwemo. Matokeo yalitoka 1995. Oksijeni haikuwa siri kubwa. Ila kwa kasi ileile, damu ya Wakenya ilikuwa na asidi ya laktiki kidogo, na kimeng'enya kimoja cha kuchoma mafuta kilifanya kazi zaidi kwenye misuli yao.

Sasa angalia waandishi wa ripoti ya misuli: Saltin, Kim, Terrados, Larsen, Svedenhag, Rolf. Paja ni la kwetu, kalamu si yetu.

Na hii si mambo ya mbio pekee. Ukishakula, insulini husukuma sehemu kubwa ya sukari iingie kwenye misuli. Msuli ukikataa, ndiyo njia ya kisukari inaanza, kile kinachosumbua shosho wa karibu kila familia hapa. Copenhagen walifungua kituo chao cha utafiti wa misuli 1994, Saltin akiongoza, na watafiti wachanga wakapikwa huko. Hapa Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake walitoa utafiti 2006 kuhusu wakimbiaji wetu wanatoka wapi na walifikaje shuleni. Kazi poa sana, lakini hayo ni maswali, si msuli.

Sindano yenyewe si roketi. Kinachokula pesa ni friza ya kugandisha kile kipande, maabara ya kukisoma, na miaka ya kumlipa kijana wa Eldoret au Kayole ajifunze kukisoma. Tuna miguu. Huyo kijana nani anamlipia karo?