Bunduki za Vita Zilizogeuzwa za Mawindo: Historia na Istilahi Zake

Lugha yetu haikosi maneno ya bunduki. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao bunduq ilikuwa kwanza tunda dogo gumu, kisha kigololi cha kurushwa. Na kutokana na kigololi hicho ikaitwa silaha yenyewe. Wazee wa pwani walipambanua bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Ya gumegume, iliyowashwa kwa jiwe. Na ya fataki. Walijua kasiba, mdeki na singe. Lakini tukiulizwa tuiteje bunduki iliyotoka jeshini, ikakatwa iwe ya mawindo, kisha baada ya miaka mingi ikarudishiwa sura ya jeshi, tunajikuta tukitumia maneno matatu kana kwamba ni mamoja: asili, halisi na kamili. Ili kuyatenga maneno hayo hapana budi kwanza kuijua historia ya kitu chenyewe.

Desturi ya kuigeuza bunduki ya vita ni kongwe. Jeshi la Marekani lilikubali bunduki ya Springfield mwaka 1903, na haikupita miaka mingi Rais Theodore Roosevelt akawa na yake, iliyowekewa kitako na vilengeo alivyovitaka mwenyewe. Ndiyo mojawapo ya silaha alizoshuka nazo Mombasa Aprili 1909 kwa safari yake ya kuwinda. Bunduki hiyo, basi, ilivuliwa sare za jeshi tangu ujana wake, na hakuna mwenye akili timamu ambaye leo angependa kuivisha tena. Tutalirudia jambo hili.

Wimbi kubwa lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Majeshi yalibaki na mamilioni ya bunduki yasiyozihitaji: Lee-Enfield za Waingereza, Mauser za Wajerumani, Springfield za Wamarekani, Carcano za Waitalia. Wafanyabiashara wa Marekani walizinunua na kuziuza kwa bei ya kutupa, hata kwa njia ya posta. Carcano iliyotumiwa kumwua Rais Kennedy mwaka 1963 iliagizwa hivyo kutoka duka la Chicago, na pamoja na darubini yake bei iliyotangazwa ilikuwa dola 19.95. Sheria ya mwaka 1968 ilizuia kuingizwa nchini humo kwa silaha za ziada za majeshi ya kigeni, na mlango ulifunguliwa tena kwa kiasi katikati ya miaka ya 1980.

Mkulima au mwindaji aliyenunua bunduki ya namna hiyo hakuona historia ndani yake. Aliona chombo kizito, chenye mbao zilizofunika mtutu karibu wote. Basi alikata mbao za mbele, akatupa kinga ya mkono na zile pete zilizoifungia, akaondoa chuma cha mdomoni kilichoshika singe. Wengine walifupisha mtutu wenyewe, ambao katika Lee-Enfield fupi ya mwaka 1907 ulikuwa na urefu wa inchi 25.2. Wengine walitoboa mwili wa chuma wapate kufunga darubini, au wakakunja mkono wa komeo usigongane nayo. Hatuoni sababu ya kuwalaumu. Walitaka nyama, na bunduki mpya ya mawindo ilikuwa ghali.

Msomaji anayetaka kujua ni nini kilichopotea na aitazame Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927. Askari yule ameshika bunduki yenye singe. Bunduki iliyokatwa kwa mawindo haina tena mahali pa kushikia singe. Na kwetu silaha hizi si habari ya ng'ambo tu. Askari wa King's African Rifles walibeba Lee-Enfield, ilhali mwaka 1914 askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, iliyotumia baruti ya moshi. Moshi ule ulimfichua mpigaji kila alipofyatua. Mtu akiikata bunduki ya namna hiyo, amekata ushahidi wa nani alibeba nini.

Leo mizani imegeuka. Zilizobaki na mbao zake zote zimekuwa adimu na ghali, na zile zilizokatwa zingali rahisi. Hapo ndipo linapozuka shauri: mtu anunue iliyokatwa aitafutie viungo, au atoe fedha zaidi apate ambayo haijaguswa? Kwa maoni yetu jibu limo katika chuma, si katika mbao. Ikiwa mtutu ni mzima na mwili haukutobolewa, kazi ni ya kutafuta mbao, pete, kinga ya mkono na chuma cha mdomoni vya aina ile ile, na kuvioanisha kwa subira. Ikiwa mtutu umefupishwa, gharama ya mtutu, mbao na fundi yaweza kupita bei ya bunduki isiyoguswa. Isitoshe, komeo likibadilishwa hapana budi nafasi kati yake na risasi ipimwe na fundi. Kichwa cha komeo la Lee-Enfield Namba 4 kilitengenezwa kwa vipimo vinne, 0 hadi 3, kwa ajili ya jambo hilo hilo.

Kuna namba pia. Katika Lee-Enfield namba moja ilipigwa mwilini, kwenye mtutu, kwenye komeo, na mara nyingi kwenye chuma cha mdomoni na mbao za mbele. Aliyenunua mbao kutoka bunduki nyingine atakuwa na namba mbili. Baadhi ya watu huifuta ya pili na kupiga ya kwanza. Hapo urejeshaji umekuwa ulaghai, nasi tunataka lugha iweze kulisema hilo bila kuzungukazunguka.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Bunduki ambayo haijaguswa iitwe ya asili. Neno halisi litumike kwa kiungo kimoja kimoja: mbao zaweza kuwa halisi, za kiwanda kile kile na mwaka ule ule, na bado zisiwe za asili kwa bunduki ile. Neno kamili liseme tu kwamba hakipungui kitu. Iliyokatwa iitwe bunduki iliyogeuzwa. Na kazi ya kuivisha tena tuiite kurejesha umbo. Kukarabati hakufai, kwa kuwa iliyogeuzwa haikuharibika, bali ilifanya kazi nyingine. Ile ya Roosevelt ni ya mawindo kwa asili yake.

Mhifadhi wa makumbusho aweza kuandika kwenye kibandiko: "Lee-Enfield, mwili na mtutu wa asili, mbao halisi, si za asili, imerejeshwa umbo." Maneno ni machache, na mtazamaji hakudanganywa. Lililobaki ni jina la ule mwili wa chuma unaobeba komeo. Tumeuita mwili katika makala haya kwa kukosa jina bora, na mafundi wa bunduki wenye neno lao tutafurahi kulipokea.